Kupima dawa kwenye seli za uvimbe wa pituitari: mwongozo wa maabara hatua kwa hatua

Uvimbe wa tezi ya pituitari (tezi ndogo iliyo chini ya ubongo) una tabia mbili, unakua na unamwaga homoni, na dawa inaweza kugusa moja isiguse nyingine. Hilo lishike kabla hujafungua hata flaski moja. Dawa inaweza kuzima prolaktini (moja ya homoni hizo) kabisa na seli zikabaki hai zinadunda, au ikaua nusu ya seli huku ile nusu iliyobaki inaendelea kumwaga homoni vile vile kama hakuna kilichotokea, sasa wewe ukipima homoni peke yake kwenye media utaona namba imeshuka kote kote na utaandika dawa inafanya kazi bila kujua inafanya kazi gani. Karibu kila hatua humu chini ipo kwa ajili ya kutenganisha hayo mawili.

Nachukulia tayari unajua kukuza seli kwa usafi, kuhesabu seli na kutumia kabineti ya usalama. Kama bado, jifunze hayo kwanza kwa seli rahisi, maana seli za pituitari sio rahisi, zinakua taratibu na zinadeka.

Hatua ya 1: Swali kwanza, seli baadae

Watu wengi wanaanza na seli zilizopo kwenye friza ya maabara, afu wanatafuta dawa ya kuzimwagia. Geuza. Jiulize dawa yako inashika wapi, na hiyo sehemu ipo kwenye seli ipi.

Seli maarufu kuliko zote ni GH3, zilitoka kwenye uvimbe wa pituitari wa panya mkubwa wa maabara, jike wa aina ya Wistar-Furth, na kazi ya kuzianzisha ilichapishwa na Tashjian na wenzake miaka ya 1960. Zinamwaga homoni ya ukuaji na prolaktini kwa pamoja, zinapatikana kirahisi, ndio maana kila mtu anazo. Lakini shida yake ni kubwa kwa mtu anayetaka kupima dawa za prolaktinoma (uvimbe unaomwaga prolaktini): GH3 kwa kawaida hazina risepta (vishikio vya kwenye seli) za dopamini aina ya D2 zinazofanya kazi vizuri. Kabergolini na bromokriptini, dawa za prolaktinoma, zinafanya kazi kupitia hiyo D2. Sasa mtu anamwaga kabergolini kwenye GH3, haoni kitu, anapandisha dozi, haoni kitu, anapandisha tena mpaka mikromola 50 au 100, seli zinaanza kufa, anafurahi. Hapo hajapima dawa ya D2, amepima sumu. Kama swali lako ni D2 tumia MMQ, nazo ni za panya mkubwa, zinamwaga prolaktini tu na zinaitikia dopamini, au tumia GH3 zilizowekewa jeni ya D2 kwa makusudi ukiweka na zile zisizowekewa pembeni kama kontroli.

Kwa ugonjwa wa Cushing watu wanatumia AtT-20, hizi ni za panya mdogo, zinamwaga ACTH (homoni inayoamrisha mwili utoe kotisoli), zina risepta za somatostatini aina ya SSTR2 na SSTR5, kwa hiyo oktreotidi na pasireotidi, dawa zinazoiga somatostatini, zote zina pa kushika. Kwa uvimbe usiomwaga homoni hali ni ngumu zaidi. Kwa binadamu nyingi za aina hiyo zinatokana na seli za gonadotrofu (zinazotoa homoni za uzazi), kwa hiyo watu wanaazima αT3-1 na LβT2 ambazo ni za panya mdogo na zilitengenezwa kwa kutumia antijeni T ya virusi SV40, yaani kinachozisukuma zikue sio kile kinachosukuma uvimbe wa mgonjwa. Zitumie, ila andika hilo wazi kwenye ripoti yako.

Usiamini maelezo ya kwenye karatasi peke yake, hata haya ya kwangu. Seli hubadilika kadiri unavyozipitisha paseji baada ya paseji, na GH3 za maabara moja zinaweza zisifanane na za maabara nyingine. Kabla ya kununua dawa pima mwenyewe kwa qPCR (inasoma mRNA) na westani bloti (inasoma protini) kama risepta ipo, afu pima kama inafanya kazi, maana kuwepo kwa protini na kufanya kazi ni vitu viwili.

Hatua ya 2: Hakikisha seli ni zenyewe na hazina maikoplazima

Maikoplazima, bakteria wadogo sana, huwaoni kwa hadubini ya kawaida, media haiwi na ukungu, seli zinaonekana nzima, ila bakteria hao wanakula virutubisho na wanavuruga kabisa vipimo vya rangi vya uhai wa seli kama MTT kwa sababu na wao wanaweza kubadilisha hiyo rangi. Pima kwa PCR kila mwezi au kila unapotoa chupa mpya kwenye naitrojeni. Antibayotiki za kawaida kama penisilini haziwagusi kwa sababu hawana ukuta wa seli, kinachofanyika ni kuwaficha tu bakteria wengine usijue usafi wako umelegea.

Kuhusu utambulisho, vile vipimo vya STR (alama za DNA) vya seli za binadamu havikusaidii hapa maana seli zako ni za panya. Tafuta kipimo cha spishi, na zaidi ya hapo kipimo kizuri kuliko vyote ni tabia: GH3 ikipewa TRH (homoni ya ubongo inayoichochea) lazima imwage prolaktini zaidi, AtT-20 ikipewa CRH (homoni ya ubongo inayochochea ACTH) au kichocheo cha forskolini lazima ACTH ipande na ikipewa deksamethasoni (dawa inayoiga kotisoli) lazima ishuke. Kama haziitikii, simama hapo hapo, usiendelee na dawa yoyote.

Hatua ya 3: Kukuza, na seramu inayokudanganya

GH3 kwa desturi zinakuzwa kwenye media ya Ham's F12K yenye seramu ya farasi asilimia 15 na seramu ya ndama aliye bado tumboni (FBS) asilimia 2.5, nyuzi 37, CO2 asilimia 5. Zinachukua karibu siku mbili kujigawa mara moja. Hazishiki chini vizuri, zinakaa mafungu mafungu, nyingine zinaelea na bado ni nzima kabisa, kwa hiyo ukibadilisha media usimwage zile zinazoelea, zikusanye, zizungushe taratibu kwenye sentrifyuji, zirudishe. Mtu aliyezoea HeLa, seli zinazoshika chini vizuri, akizikuta GH3 anadhani zinakufa. MMQ ndio zinaelea moja kwa moja, hizo usisubiri zishike.

Sasa seramu. Ndani ya seramu kuna estrojeni, kotisoli, homoni ya thairoidi na vitu vya kukuza seli, na seli za pituitari kazi yake mwilini ni kusikiliza hivyo hivyo vitu. Estrojeni inazisukuma GH3 zijigawe na zitoe prolaktini zaidi, homoni ya thairoidi na glukokotikoidi (jamii ya kotisoli) zinapandisha homoni ya ukuaji, glukokotikoidi zinashusha ACTH kwenye AtT-20. Hata ile rangi nyekundu ya kwenye media, fenoli redi, ina tabia ya estrojeni kidogo. Kwa hiyo ukibadilisha chupa ya seramu katikati ya mradi, umebadilisha jaribio. Nunua chupa za loti moja za kukutosha mradi mzima, na kama swali lako linahusu homoni za steroidi tumia seramu iliyochujwa kwa mkaa na media isiyo na fenoli redi kuanzia siku moja au mbili kabla ya dawa.

Kwa wanaofanya oktreotidi kwenye AtT-20: glukokotikoidi zinapunguza SSTR2 kuliko zinavyopunguza SSTR5. Ukiweka deksamethasoni kabla, oktreotidi inadhoofika wakati pasireotidi inabaki na nguvu kiasi. Hilo sio kosa la jaribio, ni kitu chenyewe unachokutana nacho kwa mgonjwa wa Cushing mwenye kotisoli juu muda wote, kwa hiyo lifanye makusudi, lisikutokee kwa bahati mbaya kupitia seramu.

Hatua ya 4: Kuandaa dawa

Kila dawa ina kisirani chake.

Kabergolini na bromokriptini yeyusha kwenye DMSO (kiyeyushi), gawa kwenye vichupa vidogo, weka gizani kwenye friza. Vaa glavu na barakoa ukipima unga maana hizi ni dawa zenye nguvu hata kwa kiasi kidogo sana. Oktreotidi na pasireotidi ni peptaidi, hizi zinapenda kunata kwenye plastiki, yaani unadhani umeweka nanomola 1 kumbe nusu imebaki ukutani kwa tyubu, kwa hiyo changanya kwenye maji au bafa yenye albumini ya ng'ombe asilimia 0.1 na tumia tyubu zisizonatisha protini. Usizigandishe na kuziyeyusha mara kwa mara.

Temozolomidi, dawa ya saratani, ndio ya kuiangalia zaidi. Inatulia kwenye asidi lakini kwenye pH ya damu au ya media inavunjika, nusu ya maisha yake ni kama saa 1.8. Ukiiandaa kwenye media asubuhi ukaenda kula ukarudi mchana kuiweka kwenye seli, unaweka mabaki. Stoki ikae kwenye DMSO, changanya na media dakika hiyo hiyo unayoiweka. Na kwa sababu inafanya kazi kwa kuharibu DNA na seli inakufa baada ya kujaribu kujigawa, usitegemee kuona kitu kwenye saa 24, hasa kwa seli zinazojigawa kila siku mbili. Acha siku nne, tano, au fanya kipimo cha koloni. Tena pima MGMT kwenye seli zako kabla, hiyo ndio protini inayorekebisha uharibifu wa temozolomidi, ikiwa nyingi seli zinakutazama tu, hazifi.

Hesabu kwa mfano. Unataka dozi ya juu iwe mikromola 100 za temozolomidi na DMSO isizidi asilimia 0.1 kwenye kisima. Asilimia 0.1 maana yake unazimua mara 1000, kwa hiyo stoki lazima iwe milimola 100. Uzito wa molekuli ni 194.15, milimola 100 kwenye mililita 1 ni miligramu 19.4. Afu zile dozi za chini, 30, 10, 3, 1 na kuendelea, usizizimue kwenye media, zizimue kwenye DMSO kwanza, ili mwisho wa siku kila kisima kipate DMSO ile ile ya asilimia 0.1. Ukizimulia kwenye media, dozi ya juu inakuwa na DMSO nyingi na ya chini inakuwa nayo kiduchu, na grafu yako nzuri inaweza kuwa ni ya DMSO.

Hatua ya 5: Dozi zenye akili

Hapa ndio napenda kugombana na watu. Mgonjwa akimeza kabergolini kwenye dozi za kawaida, kwenye damu inafika makumi ya pikogramu kwa mililita, ukigeuza kwa uzito wake wa molekuli wa 451.6 unapata kama nanomola 0.1. Mtu anayeweka mikromola 10 ameweka mara laki moja ya hiyo. Sisemi ni marufuku, dawa inaweza kujikusanya kwenye tishu na wakati mwingine unatafuta njia mpya ya dawa kuua seli, ila basi usiandike kwamba unaonyesha kile kinachotokea kwa mgonjwa. Kwa D2 anzia nanomola 0.1 upande mpaka mikromola 1, hapo risepta imeshajaa zamani.

Metformini, dawa ya kisukari, ni hivyo hivyo. Kwenye damu iko mikromola 10 hadi 20 hivi, kwenye maabara watu wanaweka milimola 5, 10, 20. Temozolomidi afadhali, damuni inagusa mikromola makumi kadhaa, kwa hiyo dozi za maabara za mikromola 10 hadi 100 zinaeleweka.

Na ukiona kitu, hakikisha kimepitia pale unapodhani. Weka kizuizi cha D2 kama sulpiridi au haloperidoli kabla ya kabergolini. Prolaktini ikirudi juu, vizuri, D2 imehusika. Isiporudi na dozi ilikuwa ya mikromola nyingi, jibu unalo. Sumu ya bakteria wa kifaduro (pertussis) nayo inafaa, inafunga protini ya Gi, inayopeleka ujumbe wa risepta ndani ya seli, ambayo D2 na SSTR zote zinaitegemea, japo inahitaji saa kadhaa kabla ya dawa, watu wengi wanaiacha usiku kucha.

Hatua ya 6: Kupanga pleti

Pleti ya visima 96, tumia vile 60 vya ndani, vya pembeni jaza media tupu maana maji yanakauka haraka kule ukingoni na namba zake zinacheza. Ndani una nguzo 10 za visima 6: nguzo 8 za dozi, nguzo 1 ya DMSO peke yake, nguzo 1 ya seli zisizowekewa chochote. Ile media tupu ya pembeni ndio inakuwa blanki yako, umeua ndege wawili kwa jiwe moja. Usipange dozi kutoka kubwa kwenda ndogo kila mara kwa mwelekeo ule ule, badilisha mpangilio kwa kila marudio, maana inkubeta nyingi zina upande wenye joto zaidi.

Seli elfu 10 kwa kisima ni mahali pazuri pa kuanzia kwa GH3, ila fanya jaribio dogo la kutafuta idadi yako, unataka seli za kontroli ziwe bado zinakua siku ya mwisho, zisiwe zimejaa na kusimama. Zipe saa 24 mpaka 48 zitulie kabla ya dawa. Kupaka visima poli-D-lisini kunasaidia zishike.

Afu hii kitu ambayo watu hawafanyi kabisa: pleti ya siku sifuri. Panda pleti moja ya ziada, na ile siku unayoweka dawa isome hiyo. Bila hiyo, ukiona kisima cha dawa kina asilimia 50 ya kontroli huwezi kujua kama seli zimekufa au zimesimama tu kukua wakati kontroli imeongezeka mara mbili. Ukiwa na siku sifuri unajua: seli zikiwa sawa na siku sifuri, dawa imezisimamisha, zikiwa chini yake, imeziua. Kwa uvimbe wa pituitari hii tofauti ni kila kitu, kwa sababu dawa nyingi za hapa zinasimamisha, haziui, na mgonjwa akiacha dawa uvimbe unaweza kurudi.

Hatua ya 7: Kupima seli

MTT inajulikana tangu 1983 na ni rahisi, lakini kwa GH3 na MMQ ina balaa lake, lazima utoe media ili uyeyushe zile fuwele za zambarau, na ukitoa media unatoa na seli zilizolegea. Bora WST-8, rangi isiyotengeneza fuwele, unaongeza mikrolita 10 kwenye mikrolita 100, unasubiri saa 1 hadi 4, unasoma nanomita 450, hutoi kitu. Ukilazimika MTT zungusha pleti kwenye sentrifyuji kwanza, na soma 570.

Zote mbili hazihesabu seli, zinapima shughuli za kimetaboli. Sasa kama dawa yako ni metformini inayogusa mitokondria, au everolimusi inayogusa mTOR (protini inayoamrisha seli ikue) na kupunguza shughuli za seli nzima, rangi inashuka hata kama hakuna seli iliyokufa. Kwa dawa za namna hiyo lazima uwe na kipimo cha pili kisichotegemea metaboli, DNA jumla, au kuhesabu kwa tripani bluu, au EdU ya kuona seli zinazotengeneza DNA mpya.

Kifo chenyewe kipime kwa aneksini V na PI (alama zinazoonyesha seli zinazokufa) kwenye flosaitometa, mashine inayosoma seli moja moja, pamoja na kaspesi 3 (kimeng'enya cha kifo cha seli) iliyokatwa kwenye westani bloti. Kusanya na zinazoelea, tena hizo ndio za muhimu zaidi. Tripsini iwe ya muda mfupi, ukiiacha inajeruhi utando wa seli na aneksini itasema zinakufa wakati wewe ndiye uliyeziumiza.

Hatua ya 8: Kupima homoni

Muda unategemea unachouliza. Kama unataka kujua dawa inazuia kumwagwa kwa homoni, saa 1 mpaka 4 zinatosha, osha seli, weka media mpya isiyo na seramu, weka dawa, weka kichocheo kama TRH nanomola 100 kwenye GH3, kusanya. Kama unataka kujua inazuia kutengenezwa kwa homoni, subiri saa 24 au zaidi na pima pia mRNA ya Prl, Gh1 au Pomc. Usisahau homoni iliyobaki ndani ya seli. Dawa inayofunga mlango wa kutokea itaonyesha homoni ndogo kwenye media na nyingi ndani, dawa inayozima jeni itaonyesha ndogo kote. Kupasua seli na kupima za ndani ni kazi ya nusu saa, ila ndio inayokupa hadithi kamili.

ELISA (kipimo cha homoni kwa kingamwili) iwe ya spishi sahihi. Seli za panya mkubwa zinataka ELISA ya panya mkubwa, ya binadamu mara nyingi haisomi prolaktini yake vizuri. Pima pia media yenye seramu bila seli, usije ukawa unasoma homoni za farasi. Zimua sampuli, moja kwa 10, moja kwa 100, maana GH3 zinamwaga nyingi na zikizidi mstari wa juu wa kipimo kila kitu kitaonekana sawa na utadhani dawa haijafanya kitu.

ACTH ni dhaifu. Kusanya kwenye barafu, weka aprotinini au kizuia protesi kingine, zungusha kwenye sentrifyuji ya baridi kutoa seli, gawa, weka nyuzi hasi 80 na kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu.

Sasa lile la mwanzoni. Kontroli ina nanogramu 200 za prolaktini kwenye mililita 1 na seli 100,000. Kisima cha dawa kina nanogramu 100 na seli 50,000. Ukichora homoni peke yake, dawa imeshusha prolaktini kwa nusu, grafu inapendeza, kila mtu anapiga makofi. Ukigawa kwa seli, kote ni nanogramu 2 kwa kila seli 1,000. Dawa haijagusa utoaji wa homoni hata kidogo, imepunguza seli basi. Kwa hiyo kila namba ya homoni igawe kwa DNA au idadi ya seli ya kisima hicho hicho, na onyesha zote tatu, homoni ghafi, seli, na homoni kwa seli. Kugawa kwa protini jumla kunakubalika ila kuwa makini kama dawa inapunguza ukubwa wa seli, everolimusi inafanya hivyo.

Hatua ya 9: Namba

Visima sita kwenye pleti moja sio n=6. Ni n=1 iliyosomwa mara sita. Marudio ya kweli ni seli za paseji tofauti, siku tofauti, dawa iliyoandaliwa upya, na unataka angalau matatu. Chukua wastani wa visima sita uwe namba moja ya siku hiyo, afu fanya takwimu kwa hizo namba za siku. Kulinganisha dozi nyingi na kontroli moja tumia kipimo cha takwimu cha Dunnett, sio kurudia t-test mara nane. IC50 (dozi inayoshusha matokeo kwa nusu) ichoree mstari wa vigezo vinne, na kama mstari haufiki chini ya asilimia 50 usilazimishe kuandika IC50, andika kwamba haikufika.

Ukichanganya dawa mbili, mfano kabergolini na everolimusi, usiseme zinasaidiana kwa sababu tu mchanganyiko umezidi dawa moja moja, hilo ni la kawaida. Tumia hesabu ya Bliss au njia ya Chou na Talalay ambapo kielelezo chini ya 1 ndio kusaidiana, na hizo zinahitaji dozi kadhaa za kila dawa, dozi moja moja haitoshi.

Hatua ya 10: Ukipata uvimbe wa mgonjwa

Hii ni ya wenye bahati, mnafanya kazi karibu na daktari wa upasuaji na mna kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya mgonjwa iliyoandikwa. Kipande kinachotolewa kupitia puani ni kidogo sana, mara nyingi daktari wa patholojia anakihitaji kwanza na ana haki. Kilichobaki kiweke kwenye media ya baridi, kifanyie kazi siku hiyo hiyo, katakata, weka kolajenesi (kimeng'enya cha kutenganisha seli za tishu), chuja, ondoa seli nyekundu za damu, panda. Fanya kila kitu kwa kanuni za usalama za tishu za binadamu.

Usifanye WST-8 ya kuona ukuaji, hizi seli karibu hazijigawi kwenye pleti, na kinachokua haraka ni fibroblasti (seli za tishu unganishi, sio za uvimbe) ambazo baada ya wiki moja mbili zinajaa kila mahali, utakuwa unapima dawa kwenye fibroblasti. Fanya homoni, ndani ya siku chache za kwanza. Na kila uvimbe uhesabu kama n=1, usichanganye wagonjwa kwenye wastani mmoja bila kuonyesha kila mmoja na nukta yake, kwa sababu karibu asilimia 40 ya uvimbe unaomwaga homoni ya ukuaji una mabadiliko ya jeni ya GNAS na mwingine hauna, na wa Cushing baadhi una ya USP8, iliyojulikana 2015, na baadhi hauna. Mmoja ataitikia oktreotidi kwa nguvu, wa pili atalala tu. Hifadhi kipande kidogo nyuzi hasi 80 kwa ajili ya DNA na RNA kabla hujaanza kukata, ukikumbuka baada ya jaribio kitakuwa kimeshaisha.